Kikopo kwenye Mfuko wa Halua

Katika Mji wa Kale hakuna aliyemshinda Waseem kwa kukoroga halua, na hakuna aliyemshinda kwa kuona haya. Yote mawili aliyarithi kwa babake. Marehemu Sattar alikuwa akinawa mikono hadi viwikoni kabla ya kugusa mwiko, na alimfundisha mwanawe kwamba mteja huitazama mikono kabla ya kuitazama halua. Mikono ikitiliwa shaka, funga duka uende ukalale. Kwa hivyo Waseem, mtu mzima wa miaka arubaini na mmoja, mwenye mke na watoto wawili, akibanwa na haja mchana alikuwa akizunguka nyuma ya nyumba tatu ili wateja wasimwone anatokea upande gani. Kana kwamba wateja wake walidhani wauza halua hawakuumbwa na matumbo.

Sasa mtu wa namna hiyo, tazama kazi aliyopangiwa.

Mamake, Bi Hajra, alipasuliwa mwezi wa pili, akatolewa kipande cha utumbo mpana kilichokuwa na saratani. Tangu mwezi wa nne alikuwa akienda hospitali kila wiki ya tatu, anakalishwa kwenye kiti, anatiwa dawa kwa mshipa. Nywele hazikumtoka nyingi. Kichefuchefu alikivumilia kwa kunyonya tangawizi. Kilichomtesa ni tumbo kumwendesha, na tumbo ni jambo ambalo Bi Hajra, kwa malezi yake, hakulitaja hata mbele ya marehemu mumewe.

Pale hospitalini palikuwa na daktari kijana, Bramwel, aliyekuwa na utaratibu wake. Siku moja kabla ya kila dawa, mgonjwa alitakiwa kuleta choo chake kwenye kikopo. Muuguzi, Sista Eddah, mwanamke mrefu wa kutoka bara aliyezungumza taratibu na kumtazama mtu machoni, ndiye aliyewaeleza mama na mwana sababu yake.

"Ukuta wa ndani wa utumbo ni mwembamba sana," alisema. "Dawa hii inaua chembe za saratani kwa sababu zinazaliana haraka. Lakini chembe za ukuta huo nazo zinazaliana haraka, kwa hivyo zinakufa pamoja. Na sehemu kubwa ya kinga ya mwili inakaa hapo hapo, nyuma ya ukuta. Ukuta ukichubuka, vijidudu vya tumboni vinapenya. Kinga inakasirika. Inavipiga vijidudu na inaupiga ukuta wenyewe. Wako wagonjwa ambao dawa iliwajeruhi kidogo tu, ila hasira ya kinga yao ndiyo iliyowaangusha."

"Na hasira hiyo yaonekana vipi?" aliuliza Bi Hajra. Alikuwa mdadisi hata akiwa mgonjwa.

"Kwenye choo, Mama. Kinga ikikasirika inaacha alama yake huko, na maabara inaipima. Tukiiona mapema tunapunguza dawa, tunampa mtu kitu cha kutuliza, kabla hajaanguka. Kwa hivyo kikopo hiki ni muhimu sawa na damu."

Maneno hayo ya mwisho Waseem hakuyasikia vizuri. Alikuwa akikitazama kikopo, cheupe, chenye kifuniko cha buluu na kijiko kidogo kilichoshikamana na kifuniko. Kijiko ndicho kilichomtia baridi.

Kazi ya kukipeleka ilimwangukia yeye. Mkewe, Fariha, alikuwa akifundisha shule moja ya Kizingo na aliondoka asubuhi na mapema, na duka la halua halifunguliwi hadi saa nne. Siku ilipofika, Bi Hajra alikifunga kikopo kwenye nailoni, nailoni akaizungushia kipande cha kanga kuukuu, akakitia chote ndani ya boksi la halua, na boksi akalitia kwenye mfuko wa karatasi wa dukani, ule mweupe wenye maandishi mekundu: Halua ya Sattar. Alikuwa amefurahia ujanja wake.

"Nani atajua?" alisema. "Watadhani wawapelekea madaktari halua."

Waseem alitoka ameushika mfuko kwa vidole viwili, mbali na kanzu yake. Hakufika mbali. Kwenye kona ya kichochoro chao alikutana na Bi Umaima, mteja wake wa miaka yote, mwanamke mwenye sauti ya kujaza mtaa na asiyeomba anachoweza kuchukua.

"Waseem! Sabalkheri! Mimi ndiyo kwanza nakuya dukani kwako. Nina wageni kutoka Lamu, wameshavua viatu, na nyumbani sina hata tonge la halua. Hebu leta hiyo."

"Hii si ya kuuza, Bi Umaima."

"Ni ya nani basi?"

"Ya... watu wa hospitali."

"Watu wa hospitali watangoja. Mimi wageni wangu wamekaa." Na kabla Waseem hajavuta pumzi, Bi Umaima alikuwa ameushika mfuko, ameufunua mdomo wake, ametia pua ndani kama anavyofanya siku zote dukani, na amekunja uso. "Mbona leo haina harufu ya iliki?"

Waseem alitamani ardhi ipasuke immeze yeye, mfuko na Bi Umaima. Akaunyakua. Karatasi ikachanika, boksi likaanguka kwenye mawe ya kichochoro na kubingirika mara moja, na moyo wake ukabingirika nalo. Halikufunguka. Aliliokota akalikumbatia kifuani, yeye aliyekuwa akilishika kwa vidole viwili, akaondoka mbio huku nyuma Bi Umaima akicheka na kuwauliza majirani huyu mtoto wa Hajra amepatwa na nini leo.

Hakusimama hadi jalala lililo nyuma ya soko la Marikiti. Hapo alilitupa boksi zima na kila kilichokuwamo, akasimama anatweta, na kwa muda mfupi alijisikia mwepesi.

Halafu akakumbuka kwamba hospitali inamngoja.

Sista Eddah alipoambiwa kwamba kikopo kimemwagika njiani hakushangaa. Alimpa vingine vitatu, viwe akiba, akamwambia arudi nyumbani akaombe kingine kwa mama, ana muda hadi saa saba. Waseem alishukuru, akatoka, akapita lango la wagonjwa wa nje, na hakwenda popote. Aliingia msala wa wageni karibu na lango. Yaliyofanyika humo tuyaache humo. Alipotoka alikuwa na kikopo kilichoandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe, Hajra Sattar, na ndani yake mlikuwa na choo cha mwanamume mzima wa miaka arubaini na mmoja asiye na ugonjwa wowote. Akakaa kwenye benchi nusu saa nzima, kwa kukadiria kwenda na kurudi, kisha akakipeleka.

Alijiambia ni mara hii tu. Alijiambia pia kwamba choo ni choo, na kwamba watu wa damu moja hawawezi kutofautiana sana matumboni. Mtu mwenye aibu huwa hodari wa kujieleza mambo kama hayo.

Siku ya dawa Daktari Bramwel alifungua faili akatabasamu. "Mama, matumbo yako yametulia kama ya kijana. Kinga haina hasira hata kidogo. Tunaendelea na kipimo kamili."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Hajra, na akamtazama mwanawe kwa fahari, kana kwamba wamefaulu mtihani pamoja. Waseem aliinamisha uso akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Wiki iliyofuata, Fariha alirudi mapema siku moja akamkuta mkwewe juu ya paa la nyumba, saa saba mchana, jua kali, anafua mashuka peke yake. Alikuwa amechutama karibu na beseni na hakuweza kuinuka. Fariha alimshika mkono akamteremsha, na jioni akamsubiri mumewe sebuleni.

"Mamako yuwaenda msalani mara nane kwa siku," alisema. "Yuwaficha. Anafua nguo zake mwenyewe nisizione. Umwambie daktari."

Na Waseem akatamka maneno ambayo baadaye angelipa chochote ayarudishe kinywani. "Daktari asema matumbo yake ni mazima. Yamepimwa. Wewe wajua kuliko daktari?"

Kilichokuwa kibaya zaidi ni kwamba mlango wa chumba cha Bi Hajra ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kitandani, na alisikia kila neno.

Tangu siku ile hakulalamika tena. Akiulizwa hali, alijibu sijambo. Fariha alipomshika uso na kumwambia amekonda, Bi Hajra alitikisa kichwa akasema, "La, mwanangu, ni mimi natia chumvi. Daktari amepima, hakuna kitu. Uzee umenifanya nideke." Waseem alikuwa mlangoni na kikombe cha uji mkononi. Alikiweka mezani, akaenda dukani, akakoroga halua kwa nguvu hata mteja mmoja akamuuliza amegombana na nani.

Utasema: basi hapo aliona, akaacha. Hakuacha. Zamu ya kikopo cha pili ilipofika, mamake alikifunga vilevile, akamkabidhi kwa mikono miwili, na Waseem akakipeleka jalalani moja kwa moja. Sasa hakuwa na Bi Umaima wa kumlaumu. Alikuwa na vikopo vya akiba, na njia ya msalani alikuwa ameshaijua. Alichohofia safari hii ni jambo jingine: majibu ya kweli yakitoka mabaya, daktari atauliza kwa nini ya kwanza yalikuwa mazuri. Aibu ya kwanza ilikuwa ya mfuko. Hii ya pili ilikuwa yake mwenyewe, na ilikuwa nzito zaidi, na aliificha kwa njia ile ile.

Majibu yakatoka safi, na Waseem akamwambia mamake amefaulu tena. Bi Hajra akatiwa dawa kwa kipimo kamili mara ya pili.

Siku ya kumi na tatu, asubuhi ya Jumanne, Fariha alimkuta sakafuni mwa msala. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka, macho yameingia ndani, na sakafu ilikuwa na damu kidogo iliyochanganyika na maji. Majirani walimbeba kwenye kiti kupita kichochoroni, kwa sababu hakuna gari linaloweza kuingia pale, na yeye, kwa sauti ndogo, alikuwa akiwaomba radhi kwa harufu. Waseem alishika mguu mmoja wa kiti. Alisikia kila ombi la radhi.

Adhuhuri Bi Hajra alikuwa amelazwa, maji yanamwingia kwenye mkono. Kando ya kitanda walikuwapo Fariha, Waseem, na Bi Umaima, ambaye habari ya mgonjwa haimpiti, na alikuwa amekuja na chupa ya chai na vitambaa safi. Daktari Bramwel alisimama na faili, anakuna kidevu.

"Hapa nashindwa kuelewa," alisema. "Kama kinga ya utumbo ingekuwa ndiyo inayofanya hivi, choo kingetuambia. Mara zote mbili hakina alama yoyote. Kwa hivyo naona si dawa. Mama, ulikula nini?"

Bi Hajra alifungua macho. Aliwatazama wote waliosimama, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta njia ya kuwaondolea taabu.

"Pweza," alisema. "Pweza wa juzi. Ni uroho wangu, Daktari. Nisamehe."

Pweza! Waseem alijua kwamba kwa siku nne mamake hakutia mdomoni ila uji mwepesi na maji ya dafu. Uongo ule aliutunga papo hapo, mwanamke aliyemchapa yeye udogoni kwa uongo wa njugu za senti kumi, ili daktari apate sababu na asisumbuke. Alikuwa akiona haya kwa kuumwa bila ushahidi.

"Basi tutatibu kama chakula kilichoharibika," alisema daktari, anaandika. "Akipata nguvu, wiki ijayo dawa yake iendelee, kipimo kile kile."

Waseem alifungua mdomo. Bi Umaima alikuwa hatua mbili kutoka kwake, anakunja kitambaa. Waseem aliufunga mdomo. Alijua kwa uhakika kabisa, kama anavyojua wakati wa kutia samli, kwamba akinyamaza sasa mamake atakufa wiki ijayo, na atakufa akijiona mdekaji. Daktari akafunga faili akatoka. Mlango ukarudi polepole. Hapo Waseem akachukia kila kiungo cha mwili wake, na zaidi ulimi.

Alitoka akamkuta Sista Eddah kwenye ujia, anaandika kwenye meza ndogo.

"Sista," alisema. "Vile vikopo si vya mama."

Eddah aliweka kalamu chini. "Ni vya nani?"

"Vyangu."

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili. Niliona haya kubeba. Mimi nauza halua, Sista, watu..." Akaishia hapo, kwa sababu maneno hayo, yakisemwa kwa sauti, hayakuwa na uzito wa kikopo kitupu.

Eddah alimtazama machoni kwa muda mrefu. Waseem alitazamia kofi, au ukelele. "Basi hongera," alisema Eddah mwishowe. "Matumbo yako ni mazima. Twende kwa daktari."

"Huwezi kumwambia wewe?"

"Naweza sana," alisema Eddah akiinuka. "Sitaki."

Daktari Bramwel hakupiga kelele. Alimsikiliza Waseem amesimama, akamwomba arudie, kisha akamtuma Eddah kuchukua choo cha mgonjwa wakati huo huo. Majibu yalirudi alasiri. Daktari alimwonyesha Waseem nambari mbili kwenye karatasi, ile ya zamani na hii mpya, na hata muuza halua asiyejua maabara aliona kwamba ya pili ilikuwa na tarakimu mbili zaidi. Kinga ya Bi Hajra ilikuwa imewaka utumboni kwa wiki kadhaa, inauchubua ukuta uliokwisha chubuliwa na dawa, na hakuna aliyeijua ila mwenye tumbo, ambaye alikuwa ameaminishwa kwamba anadeka.

Palepale daktari alibadilisha matibabu. Aliongeza dawa ya kutuliza, na dawa ya saratani ya wiki ijayo akaifuta. Itakaporejeshwa, alisema, itakuwa kwa kipimo kidogo. "Angepata kile kipimo kamili tena," aliongeza, bila hasira, kama anayetaja saa, "ungemzika."

Waseem aliitikia kwa kichwa. Alikwenda msala ule ule wa karibu na lango, akafunga mlango, akalia kama mtoto, na hata kilio chake alikizuia kwa ncha ya kilemba chake ili asisikike.

Kumwambia mamake kulimchukua siku mbili nyingine. Alingoja hadi mamake alipoweza kuketi na mito mgongoni. Ilikuwa saa tisa, wageni hawajaanza kuja, na Fariha alikuwa ametoka makusudi. Waseem alieleza yote akitazama miguu ya kitanda: Bi Umaima, jalala, msala, mwandiko. Bi Hajra hakumkatiza.

"Ile ya kwanza yako," alisema, alipomaliza.

"Yangu, Mama."

"Na ile ya pili, uliponiambia nimefaulu tena."

"Yangu."

Mabega ya Bi Hajra yakaanza kutikisika, na Waseem akadhani ni hasira, akamshukuru Mungu kwa hasira hiyo. Lakini mamake alikuwa akilia kwa faraja.

"Basi sikuwa natia chumvi," alisema. "Kumbe ilikuwa kweli. Waseem, kila nikisali nilikuwa namwomba Mungu anisamehe kwa kulalamika na mwili mzima alionipa. Kumbe nilikuwa mgonjwa kweli."

Kofi lingekuwa afadhali. Waseem alimshika mikono ili aibusu, na mamake akaivuta polepole, bila ukali wowote.

"Usinishike hii, sijanawa," alisema. "Wewe una duka."

"Mama, vikopo vyote nitapeleka mimi. Wallahi nitapeleka."

"La, mwanangu. Nikipata nguvu nitapeleka mwenyewe. Wewe una wateja." Hakuwa anamsuta. Angekuwa anamsuta, Waseem angejua la kujibu.

Zilipita wiki tano. Bi Hajra alirudi nyumbani, akaanza kula wali laini, akaanza tena kuuliza habari za watu. Dawa ikapangwa kurejeshwa siku ya Alhamisi, na Jumatano ikawa siku ya kikopo. Waseem alikuwa amejiandaa. Alimwambia mamake atamfuata nyumbani saa sita, akimaliza halua ya harusi ya mtu. Mamake aliitikia, "Haya, baba, saa sita."

Saa tatu na nusu Waseem alikuwa ameshasimama juu ya sufuria ya shaba. Duka liko wazi upande wa njia, na siku za harusi watu hupenda kuja mapema kutazama. Walikuwapo watu watano barazani, na katikati yao Bi Umaima, kwani harusi ilikuwa ya mpwa wake. Sukari ilikuwa imechemka, wanga umeingia, samli imeanza kujitenga pembeni. Hapo ndipo halua inapotaka mtu asiyeuacha mwiko hata kwa kupiga chafya. Ukiacha, inashika chini, na ikishika harufu ya kuungua inaingia sufuria nzima, na hakuna iliki itakayoitoa.

Alipoinua macho alimwona mamake akiteremka njiani.

Alikuwa ndani ya buibui, peke yake, ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na kikapu cha ukili cha sokoni, kimefunikwa kitambaa. Hakuchukua mfuko wa duka safari hii. Maisha yake yote Bi Hajra hakuwahi kupita mbele ya duka lile bila kusimama, tangu enzi ya Sattar. Husimama, hutoa salamu, huonja, hutoa kasoro, huketi kidogo. Leo alipokaribia alivuka upande wa pili wa njia, akavuta ukaya ukamfunika uso, akageuzia kichwa ukutani, na akapita taratibu kama mtu asiyejua duka lile ni la nani. Alikuwa anamlinda. Alikuwa anahakikisha kwamba hakuna mteja hata mmoja atakayeunganisha kikapu kile na halua ya mwanawe.

Waseem aliuacha mwiko.

"Waseem!" Bi Umaima alipiga ukelele. "Halua, wewe! Halua ya watu!"

Alikuwa ameshatoka, samli mikononi hadi viwikoni, aproni kifuani. Alimfikia mamake akashika mpini wa kikapu.

"Rudi," Bi Hajra alinong'ona ndani ya ukaya. "Watu watazama."

"Nawatazame."

"Waenda wapi na kikapu cha mamako na kazi iko motoni?" Bi Umaima alikuwa amekuja hadi ukingo wa baraza. "Kina nini hicho kisichoweza kungoja?"

Waseem aligeuka. Watu watano walikuwa wakimtazama, na uso wake ulikuwa unawaka moto. Sauti ilitoka imepasuka, lakini ilitoka, na ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia.

"Choo cha mamangu," alisema. "Nakipeleka hospitali kupimwa. Na siku ile pia nilitakiwa kukipeleka, nikakitupa."

Bi Umaima alisimama mdomo wazi. Waseem aliona jinsi alivyokuwa akirudi nyuma kichwani, siku hadi siku, hadi kwenye kona ya kichochoro na mfuko mweupe wenye maandishi mekundu. Polepole mkono wa Bi Umaima ukapanda ukaishika pua. Mteja mmoja aliteremka barazani akaenda zake. Wa pili akamfuata.

Harufu ya kuungua ilikuwa imeanza kutoka dukani.

"Halua yashika," alisema Bi Hajra.

"Naishike, Mama."

Akampa mkono wake, ule ule wenye samli, na mamake akaufikiria kidogo, kisha akauegemea kwa uzito wake wote, uzito ambao ulikuwa mdogo mno. Wakateremka hivyo hadi kwenye tuk-tuk zinazongoja karibu na Ngome ya Yesu. Waseem alimpandisha kwanza, akapanda, akakipakata kikapu magotini. Tuk-tuk ilipoondoka alimuuliza jambo lililokuwa likimkaba tangu pale dukani.

"Mbona umepita bila kunisalimu?"

Bi Hajra alikuwa ameondoa ukaya usoni ili apate upepo. "Nilikusalimu," alisema. "Nilikusalimu moyoni, wasisikie."

Waseem alikishika kikapu kwa mikono yote miwili, na hakukiachia hadi lango la hospitali.